Hiyo mistari kwenye gari yako nyeusi, niliichora mimi

Kama una gari nyeusi, fanya hivi kabla hujaendelea kusoma. Ngoja jua litoke, au kama ni usiku washa tochi ya simu. Simama karibu na boneti na uangalie pale mwanga unapopiga. Angalia ukingo wa ule mwanga, hapo kando kando.

Umeona? Mistari myembamba, mingi ajabu, imezunguka mwanga kama utando wa buibui. Ukisogeza tochi, utando unasogea nayo. Nenda mlangoni, uko. Nenda kwa paa, uko. Ndio maana asubuhi kukiwa na mawingu gari yako ni nyeusi, na saa saba mchana jua likiwa juu inakuwa rangi ya majivu.

Watu watakuambia ni jua. Wengine watasema rangi ya siku hizi ni hafifu, eti Wajapani wameanza kubana. Wengine watasema nyeusi huzeeka haraka, ungenunua nyeupe kama watu wenye akili. Wacha niwaambie ninachojua. Hiyo mistari imechorwa na mkono wa mtu aliyekuwa anaosha gari. Na kwa karibu miaka miwili, hapa Kaplong, mkono huo ulikuwa wangu.

Kwa wale hamjui Kaplong, ni njia panda. Barabara inayotoka Narok kupitia Bomet inafika hapa na kukutana na ile ya Kericho kwenda Sotik na Kisii. Kwa hivyo kila kitu kinapita hapa: lori za majani chai, matatu, Probox zimejaa watu mpaka dereva amekaa upande, na gari za watu wa Nairobi wanaokuja nyumbani Desemba. Huku mvua haiko mbali. Mchana jua, jioni mvua, na barabara za kuingia mashambani ni murram. Ikinyesha ni tope jekundu, ikikauka ni vumbi jekundu. Mahali kama hapa mtu wa kuosha magari hakosi kazi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa nasubiri. Nasubiri matokeo, nasubiri karo, nasubiri mjomba aliyesema atapiga simu. Unasubiri huku unakula kwa mama, na mama anachuma majani chai kilo kwa kilo. Rafiki yangu akaniambia kuna mahali pa kuosha magari karibu na steji wanatafuta kijana. Nikaenda siku hiyo hiyo.

Malipo yalikuwa hivi: gari ndogo ni shilingi 200, na kati ya hizo zangu ni 80. Hakuna mshahara. Ukiosha magari matano una 400, ukiosha kumi una 800. Kwa hivyo jambo la kwanza unalojifunza ni haraka. Hakuna mtu alinifundisha kuosha, kwa sababu hakuna aliyedhani kuna kitu cha kufundisha. Nani hajui kuosha?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Piga presha dakika mbili. Weka sabuni ya unga kwenye ndoo moja, koroga, chovya sponji. Anza popote. Sponji inapita kwa rimu, inapita chini ya milango pale tope limeganda, inarudi kwa ndoo ile ile, halafu inapanda kwa boneti. Ikianguka chini unaikung'uta kwa goti mara mbili unaendelea. Ukimaliza unakausha na tambara, na tambara letu lilikuwa fulana ya mtumba iliyokufa, imekauka kwenye jua mpaka imesimama yenyewe kama mkate wa jana. Tena ulikuwa unasugua kwa nguvu, kwa mizunguko, ili mteja aone unafanya kazi.

Gari ikitoka hapo ina maji maji inang'aa, mteja anafurahi, anakuongezea 50. Na wewe unafurahi.

Kati ya wateja kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Kila mtu alimwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alipopata pesa zake za kustaafu aliagiza Premio nyeusi. Unajua sheria ya Kenya, gari ya mtumba iliyopita umri wa miaka 8 haiingii, kwa hivyo ilifika ikiwa bado ina ujana wake. Siku ya kwanza aliyoileta, tuliacha kazi tukaja kuiangalia. Ungeweza kunyoa ndevu ukijiangalia kwa mlango.

Mwalimu aliileta kila Jumamosi jioni, ili Jumapili aende nayo kanisani. Kila Jumamosi bila kukosa. Hata ikinyesha alikuja, anasimama kando na mwavuli, anatuangalia. Aliipenda hiyo gari. Na ukifikiria vizuri, hapo ndipo shida ilipoanzia. Jirani yake alikuwa na Probox anayoiosha mara moja kwa miezi miwili, na rangi yake ilibaki vizuri kuliko ya Mwalimu. Ile iliyopendwa ndiyo iliyopigwa sponji mara hamsini kwa mwaka.

Baada ya miezi kama minane akaniita jua likiwa kali.

"Kijana, njoo uone. Hii gari inazeeka haraka kuliko mimi. Ni nini?"

"Ni jua, Mwalimu," nikamwambia.

Nilisema hivyo bila kufikiria hata sekunde moja. Na akaniamini, kwa sababu mimi ndiye mtu wa magari.

Akaipeleka mji mwingine kwa watu wa kubafu. Hapa acha nicheke kidogo. Sisi tunasema "kupiga gari bafu", na kogo, nyanya yangu, aliposikia alidhani gari inapelekwa kuogeshwa. Labda angekuwa sahihi, ingekuwa bei rahisi zaidi. Premio ilirudi inang'aa kama siku ya kwanza. Jumamosi tatu baadaye utando ulikuwa umerudi, na juu yake kulikuwa na kitu kipya, mawingu mawingu marefu yanayoonekana juani tu. Akairudisha. Ikang'aa, ikafifia. Akairudisha mara ya tatu. Safari hiyo ilikuja na kibaka cheupe kwenye ukingo wa boneti, karibu na taa, kama ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Hapo rangi ilikuwa imeliwa.

Wakati huo koito ya binti yake ilikuwa imeshapita, imebaki harusi. Na Mwalimu alikuwa amemwambia binti yake kwamba hatapanda gari ya kukodi, atapelekwa kanisani na gari ya baba yake.

Sasa, usiku mmoja. Mwenye biashara alikuwa ameweka taa kubwa ili tufanye kazi hadi saa mbili usiku. Usiku wa kwanza wa ile taa ilikuwa Jumamosi, na Premio ya Mwalimu ilikuwa chini yake. Nilikuwa nakausha boneti. Mkono unazunguka, tambara linazunguka, na mimi nimeinama nikiangalia taa ndani ya rangi. Nikaona mstari. Haukuwepo, halafu ukawepo. Ulitokea nyuma ya vidole vyangu, mwembamba, mweupe, umepinda vile vile mkono wangu ulivyopinda. Nikapitisha tambara tena. Mwingine.

Nilisimama pale nikiwa na tambara mkononi. Mwalimu alikuwa kando anaongea na mtu kwa simu kuhusu hema za harusi.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikamaliza bando ya mama nikitazama video. Kesho yake nikaenda kwa fundi mmoja wa sprei, mzee wa kazi, nikamuuliza. Hakunicheka. Aliniambia: "Nyinyi ndio mnanipa kazi." Na polepole nikaelewa mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kushika sponji ya kwanza.

Wacha niyaeleze kama nilivyoeleweshwa.

Gari nyingi za siku hizi zina rangi kwa tabaka. Juu ya bati kuna praima, kisha rangi yenyewe, kisha juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi, ile mafundi wa sprei wanaita kliya. Zote pamoja kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni karibu mikroni 70. Kliya peke yake mara nyingi ni kama 40 au 50. Yaani kile kinacholinda gari yako na jua ni chembamba kuliko unywele wako. Na hicho ndicho tunakisugua na mchanga kila Jumamosi.

Kwa sababu shida ni mchanga. Sabuni peke yake haichori, sponji safi peke yake haichori sana. Ni zile chembe za murram na vumbi la barabara, ambazo ni ngumu kuliko rangi. Zikiingia kwenye sponji haziombwi kutoka. Kila ukipitisha mkono zinalima.

Na mbona duara? Mikwaruzo yenyewe haiko kwa duara, iko kila upande ovyo ovyo. Lakini mwanga unaonyesha ile iliyokatiza njia yake tu, kwa hivyo macho yanaona mizunguko kuzunguka taa. Ndio maana utando unakufuata ukitembea.

Na mbona nyeusi? Gari nyeupe pia ina mikwaruzo, pengine mingi kuliko yako. Lakini mkwaruzo hutawanya mwanga ukaonekana mweupe. Mweupe juu ya nyeupe, nani ataona? Mweupe juu ya nyeusi ni chaki kwenye ubao.

Huo mfano wa chaki niliupata nikijiandaa kumwambia Mwalimu. Kwa sababu nilijua lazima nimwambie. Harusi ilikuwa wiki nne mbele na alikuwa anazungumza kuhusu kubafu mara ya nne.

Jumamosi akaja. "Chamgei," tukasalimiana. Nikamwambia Mwalimu, kabla sijaosha, naomba nikuonyeshe kitu. Nikawasha tochi kwa boneti. Nikamwonyesha utando. Nikamwambia kuhusu kliya, mchanga, sponji, ndoo moja. Nikamwambia ni kama ubao wake ungekuwa unafutwa na dasta lenye mawe.

Alivua miwani akaifuta na shati. Akakaa kimya kitambo.

"Kwa hivyo kila Jumamosi nilikuwa ninakulipa unikwaruzie."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na uliponiambia ni jua?"

"Sikujua, Mwalimu."

"Hukujua, lakini ulijibu kama mtu anayejua. Hiyo ndiyo mbaya."

Akaingia kwa gari, akaondoka bila kuoshewa. Vijana wenzangu wakaniuliza nimemwambia nini mteja mzuri hivyo. Mwenye biashara akaniambia ukweli wangu umemgharimu mia mbili kila wiki. Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakuja. Ile nyingine pia hakuja.

Nikisema leo ninapost kuhusu magari, watu wanadhani nilianza kwa sababu napenda magari. Nilianza kwa sababu ya yale maneno ya Mwalimu. Mtandaoni kumejaa watu wanaojibu kama wanaojua. Nilikuwa mmoja wao na sikuwa hata na simu nzuri.

Alirudi wiki mbili kabla ya harusi. Akafungua buti, ndani kulikuwa na ndoo mbili mpya na mfuko wa vitambaa vya mikrofaiba. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alisema tu, "Nionyeshe."

Tukaosha pamoja, yeye amekunja mikono ya shati. Na nitawaonyesha na nyinyi, kwa sababu kuzuia ni rahisi kuliko kuondoa, na hakuna kitu cha bei ghali hapa.

Kwanza, maji kabla ya mkono. Presha au mpira, mwagia gari yote kutoka juu kwenda chini mpaka tope litoke lenyewe. Ukiwa na povu, paka, subiri dakika chache bila kukauka, halafu suuza tena. Kila chembe inayoondoka na maji ni chembe ambayo hutaisugua.

Pili, ndoo mbili. Moja ina shampuu ya gari, nyingine maji matupu. Chovya kwenye sabuni, osha sehemu moja, nenda suuza kitambaa kwenye maji matupu, ndio urudi kwa sabuni. Angalia chini ya ile ndoo ya maji ukimaliza. Huo mchanga wote ungekuwa kwa boneti. Maji ya mto yaache yatulie kwenye pipa kwanza, na usichote yale ya chini.

Tatu, anza paani ushuke. Sehemu za chini ya milango mwisho, na rimu ziwe na kitambaa chake na ndoo yake kabisa. Kitambaa kikianguka chini kimestaafu mpaka kifuliwe.

Nne, pitisha mkono kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Ukisikia kitu kinakwaruza, simama. Usioshe jua likiwa kali na boneti ikiwa ya moto, sabuni itakaukia hapo.

Tano, kukausha. Tandaza mikrofaiba kubwa safi juu ya maji, iache inywe, inua. Hakuna kusugua. Na hivyo vitambaa vifue peke yake, mbali na soksi na jinsi, bila dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo huvifanya visinyonye maji.

Sita, na hii inawahusu wenye gari: acheni kupangusa vumbi kavu asubuhi. Lile tambara la kiti, lile dasta la manyoya, yote ni msasa ukipitisha juu ya vumbi kavu. Na watoto wanaoandika NIOSHE kwa kidole nyuma ya buti wanachora kweli. Waambie kwa upole.

Sasa kuondoa. Hapa ndipo watu wanaibiwa, sometimes bila hata mwizi kujua anaiba.

Kubafu hakufuti mkwaruzo. Mkwaruzo ni bonde. Unachofanya ni kushusha kilima kilicho kando mpaka kifike chini ya bonde. Fikiria greda likisawazisha barabara ya murram. Likipita, mashimo yanaisha, lakini barabara imeshuka. Lipitishe kila mwaka bila kuongeza murram na siku moja utakuta unaendesha juu ya mawe. Polishi laini ikitumiwa vizuri inaweza kula mikroni moja hadi tatu, na kompaundi kali inakula zaidi. Ni akaunti ya akiba ambayo unaweza kutoa tu, huwezi kuweka.

Kisha kuna mafuta. Polishi nyingi zina vitu vinavyojaza mikwaruzo kwa muda. Wakati unalipa gari inang'aa, Jumamosi mbili tatu za sabuni zinayatoa, utando unarudi. Ukitaka kujua umefanyiwa kazi au umepakwa mafuta, mwambie fundi apanguse sehemu moja na spiriti iliyochanganywa na maji, halafu mulika tochi hapo hapo mbele yake.

Na kuna mashine mbili. Moja inazunguka tu, kama grainda. Ina nguvu na ina joto, na kwa mkono usioizoea ndiyo inayoacha yale mawingu na kuchoma kingo, kwa sababu kwenye kingo rangi ni nyembamba zaidi. Nyingine inazunguka huku ikitikisika. Ni ya polepole lakini inasamehe makosa. Muulize fundi wako anatumia ipi. Muulize kama anabandika tepu kwenye kingo. Muulize kama atajaribu sehemu ndogo kwanza, kwa padi laini na polishi laini, ndio aongeze ukali ikihitajika. Akianza na kompaundi kali gari yote, chukua funguo zako.

Pia pitisha ukucha. Mkwaruzo wa kichaka cha chai kwenye njia nyembamba ya shambani, ukucha ukikwama ndani yake, huo umeingia ndani sana. Usikubali mtu akubafie mpaka uishe, maana kliya inaweza kuisha kabla yake.

Yule fundi wa sprei alikuwa na kifaa cha kupima unene wa rangi. Tukapima Premio ya Mwalimu. Paa lilikuwa 112. Milango ilikuwa kwenye 105 hivi. Boneti ilisoma 84, na ukielekea ule ukingo ikashuka hadi 70. Mara tatu za kubafu zilikuwa zimeandikwa hapo kwa namba. Fundi akamwangalia Mwalimu, Mwalimu akaangalia kile kifaa kama anasahihisha mtihani.

"Boneti naweza kuing'arisha kabisa," fundi akasema, "lakini baada ya mwaka utakuja kwangu kupiga rangi upya. Ama niiguse kidogo, mistari mingine ibaki."

"Ibaki," Mwalimu akasema.

Kazi ilichukua siku mbili. Nilishika tochi, nikabandika tepu, nikapanguza. Milango na paa zilirudi nyeusi tii. Boneti ilitoka nzuri lakini ukimulika utaona utando, mdogo. Kibaka kilibaki pale pale. Tukapaka nta, ambayo haizuii mchanga kukwaruza, lakini inafanya uchafu usishike sana. Hata hizo kinga za seramiki mnazosikia zinatozwa pesa nyingi, zinasaidia usafi na mng'ao, lakini osha na ndoo moja na tambara la murram uone kama hazitachorwa.

Siku ya harusi nilikuwa pale kando ya barabara. Utepe mweupe ulipita juu ya boneti ukafunika kibaka chote. Mvua ilinyesha saa nane, kama kawaida ya huku. Mwalimu alimteremsha binti yake, na kabla ya kuingia kanisani nikamwona akimzuia kijana mmoja aliyekuwa anakuja na tambara kavu kupangusa matone.

Sasa niseme lile lililonileta. Tukiona utando tunamlaumu kijana wa kuosha. Sawa, alaumiwe, mimi nimejilaumu. Lakini tuulizane. Unampa dakika kumi na tano. Unampa 200, na yeye anabaki na 80. Umesimama juu yake unaangalia saa kwa sababu unaenda Litein. Hujawahi kumuuliza ana ndoo ngapi. Umenunua haraka, ukapewa haraka, na mikwaruzo ikaja bure. Halafu unapeleka elfu kadhaa kwa mtu wa kubafu ili aondoe kile ungekizuia kwa mia moja zaidi kila wiki.

Na wenye biashara, ndoo ya pili ni bei ya chakula cha mchana. Mafunzo ni saa moja. Kijana anayelipwa kwa idadi ya magari atakimbia, hata ukimpa ndoo kumi. Mlipe tofauti kwa ile ya polepole na uibandike kwa ubao wa bei, mteja achague akijua anachochagua.

Leo naosha magari machache. Ninatoza 400 na ninachukua karibu saa nzima. Sitawadanganya, mwezi wa kwanza nilipata pesa kidogo kuliko zamani, na mama aliniuliza kama nina wazimu. Wengine walisikia bei wakageuza gari hapo hapo. Siwalaumu, mia mbili ni pesa. Kwa hao nawaambia kitu kimoja cha bure: kama unaosha ya haraka, mwambie kijana apige presha na povu tu, asiguse rangi, asikaushe. Gari itabaki na madoa ya maji kidogo. Madoa yanatoka.

Mwalimu bado anakuja, lakini siku hizi anaosha mwenyewe nyumbani, anakuja kuniletea vitambaa nimwambie kama vimeisha. Jumamosi iliyopita aliniuliza kama ile shampuu mpya inayotangazwa ni nzuri.

Nikamwambia, "Sijui, Mwalimu. Nipe wiki moja niijaribu kwanza."

Akatikisa kichwa, akawasha gari.